Mpeleke Mwanao Mahali Ambapo Adhana Haisikiki



Kila likizo ya skuli ikikaribia, mazungumzo yetu wanawake huwa yale yale. Mwenye uwezo kidogo anauliza: safari hii tuwapeleke wapi watoto? Na majibu nayo ni yale yale: Dubai, Oman kwa jamaa, au Istanbul kwa waliochoka na Dubai. Biharusi akipanga pa kwenda na mumewe baada ya fungate, naye anapewa orodha hiyo hiyo. Sababu ni moja, tena ni sababu ya heshima. Tunataka nchi ya Kiislamu, chakula kisitutie wasiwasi, msikiti uwe karibu, na watoto wasione mambo yatakayowaharibu.

Leo nataka kusema kinyume kidogo. Umra haina mfano wake na siigusi hapa. Lakini kama safari ni ya mapumziko tu, basi familia ya kisiwani kwetu itafaidika zaidi Singapore kuliko Dubai. Si kwa ajili ya majengo marefu, maana majengo hata huko Dubai yapo. Ni kwa sababu Singapore Waislamu ni asilimia 15 hivi ya wakaazi, na kila mmoja wao dini yake anaibeba mwenyewe. Mtoto wetu anahitaji kuliona hilo kabla dunia haijamlazimisha kuliona.

Tulikwenda watano: mimi na mume wangu, watoto wetu wawili, na mama mkwe wangu. Tulikaa siku tisa.

Neema tuliyoizoea

Sisi tumezaliwa ndani ya adhana. Hujamaliza kuisikia ya msikiti huu, wa mtaa wa pili unaanza. Ramadhani ikiingia, mji mzima unafunga. Mtoto wa Unguja au Pemba haulizwi kwa nini amevaa kanzu au ushungi, kwa sababu na wenzake wamevaa. Hii ni neema kubwa, na asiyeijua aulize waliokosa.

Lakini neema hii ina mtihani wake. Mtoto anaweza kufika miaka kumi na minane bila kujiuliza hata siku moja kwa nini anaswali. Anaswali kwa kuwa watu wanaswali. Kisha anapata nafasi ya chuo India, Uturuki, Uingereza, au Dar es Salaam tu hapo. Analala chumba kimoja na mtu asiyefunga. Hakuna adhana ya alfajiri, hakuna bibi wa kumgongea mlango. Wangapi tunawajua walioteleza mwaka wa kwanza tu? Na mabinti zetu wangapi wameolewa, wakafuatana na waume zao Ulaya au Marekani, ushungi ukawa mtihani wa kila asubuhi? Hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa hawajazoezwa.

Singapore kwa kawaida hutasikia adhana barabarani. Tangu miaka ya 1970 vipaza sauti vya misikiti viligeuzwa vielekee ndani, na adhana ikawa inasikilizwa kwenye redio. Mwanangu wa miaka tisa aliligundua hilo siku ya pili. Aliniuliza: "Mama, mbona leo adhuhuri haijaadhiniwa?" Baba yake akamwambia: "Imeingia. Ila hapa hakuna wa kukwambia, utaangalia saa mwenyewe." Tukampa kazi hiyo. Singapore iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo nyakati za swala hazibadiliki sana mwaka mzima, na mtoto huzishika haraka. Ilipofika siku ya nne, yeye ndiye aliyekuwa akitukumbusha sisi, mara nyingine katikati ya foleni ya treni. Kwetu nilikuwa namwita mara tatu ndipo atie udhu.

Ndiyo maana nasema safari ile ilimfunza jambo ambalo mimi nyumbani nisingeweza kumfunza kwa maneno.

Jirani ni jiran

Watu wa Singapore wengi ni Wachina, karibu robo tatu. Wamalay, ambao takriban wote ni Waislamu, ni asilimia 13 au 14, na Wahindi asilimia 9 hivi. Lugha rasmi ni nne: Kiingereza, Kimalay, Kichina na Kitamil.

Mama mkwe wangu hajui Kiingereza. Nilidhani atachoka na kukaa kimya siku zote tisa. Lakini Kimalay na Kiswahili vyote vimekunywa kisima kimoja cha Kiarabu. Wao wakisalimiana husema "apa khabar", na habari ndiyo hiyo hiyo. Riziki ni "rezeki", karatasi ni "kertas", dunia ni "dunia", wakati ni "waktu". Siku ya tatu nilimkuta Bi mkubwa amekaa na mwanamke wa Kimalay nje ya msikiti, kila mmoja anataja neno, mwenzake anacheka. Neno lililompendeza zaidi ni "jiran". Ni jirani, herufi moja tu imepungua.

Na kwa kweli mji ule ni wa majirani. Nenda mtaa wa South Bridge Road, penye Wachina wengi. Utaukuta Msikiti wa Jamae, uliowekwa na Waislamu wa Kitamil mwaka 1826, na hatua chache tu kutoka hapo kuna hekalu la Kihindu la Sri Mariamman, la mwaka 1827. Mtaa wa Telok Ayer, ambao zamani ulikuwa ufukweni kabla bahari haijafukiwa, una hekalu la Wachina la Thian Hock Keng na Msikiti wa Al-Abrar. Mabaharia na wahamiaji walikuwa wakishuka chomboni, kila mmoja anakwenda kumshukuru anayemwabudu, kisha wanakutana sokoni.

Usidhani lakini kwamba wamezaliwa wanapendana. Tarehe 21 Julai 1964, siku ya Maulidi ya Mtume (SAW), maandamano ya Waislamu yaligeuka kuwa mapigano baina ya Wamalay na Wachina. Watu 23 walikufa mwezi ule, na Septemba wakafa wengine 13. Mwaka 1964 sisi Wazanzibari hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Wao waliamua tarehe ile isisahauliwe. Tangu mwaka 1997 kila Julai 21 skuli zao zinaadhimisha siku ya kupatana kwa makabila, na watoto huja wamevaa nguo za asili.

Tena wakaingiza jambo hili mpaka kwenye nyumba. Wengi wa wakaazi, kama wanane katika kila kumi, wanaishi kwenye fleti zilizojengwa na serikali, mfano wa fleti zetu za Michenzani ila ndefu zaidi na nyingi mno. Tangu mwaka 1989 kila jengo lina kiwango cha watu wa kila kabila, ili pasiwe na mtaa wa Wachina peke yao wala wa Wamalay peke yao. Wapo wasioipenda sheria hiyo, kwa sababu humbana mtu anapotaka kuuza nyumba yake. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Kiislamu anapanda lifti moja na mtoto wa Kichina tangu utotoni.

Kitu kidogo kilichonigusa kuliko vyote nilikiona kwenye masoko yao ya chakula. Ukimaliza kula unarudisha sinia yako mwenyewe. Pa kurudishia ni pawili: sinia za chakula cha halali kwake, na zisizo za halali kwake. Mzee wa Kichina aliyekuwa mbele yangu alisimama, akaangalia alama, akaweka sinia yake upande wake, akaenda zake. Hakuna aliyemsimamia. Sisi tumefunzwa na dini yetu kwamba jirani ana haki, hata akiwa si wa dini yako. Pale niliiona haki hiyo ikitekelezwa na mtu asiye Muislamu kwa ajili yangu mimi Muislamu. Nikawauliza wanangu: na sisi kwetu, yule jirani yetu Mkristo tunamfanyia nini kinachofanana na hiki? Hawakuwa na jibu. Nilitaka wabaki nalo swali.

Msikiti wenye jina la mwanamke

Mtaa wa Kampong Gelam ndio moyo wa Waislamu. Msikiti wa Sultan ulijengwa kwanza mwaka 1824, na hili jengo la sasa lenye makuba ya dhahabu lilikamilika mwaka 1932. Ukisimama chini ukaangalia shingo ya kuba, utaona mstari mweusi unaong'aa. Ni vitako vya chupa. Waislamu maskini wa wakati ule hawakuwa na fedha za kuchangia, wakaambiwa walete chupa, ili na wao wawe na sehemu yao juu ya msikiti. Binti yangu alisimama akizitazama kwa muda mrefu.

Lakini msikiti ninaotaka kila biharusi aujue uko mbele kidogo, mtaa wa Beach Road. Unaitwa Msikiti wa Hajjah Fatimah, na ulikamilika mwaka 1846. Hajjah Fatimah alizaliwa Malaka, akaolewa na mtoto wa ukoo wa kifalme wa Kibugi, mfanyabiashara. Mume alipofariki, mama huyu aliendesha biashara na vyombo vya baharini mwenyewe, akatajirika. Nyumba yake ilivunjwa na wezi mara mbili, na mara ya pili ikachomwa moto. Allah alimnusuru. Kwa shukurani akautoa uwanja ule na fedha ujengwe msikiti. Mnara wake umeinama kidogo, na watoto hupenda kuupigia picha. Yeye mwenyewe amezikwa pale pale, pamoja na binti yake na mkwe wake.

Mkwe huyo alikuwa wa ukoo wa Alsagoff, Masharifu kutoka Hadhramaut. Hapo ndipo mama mkwe wangu alipofumbua macho. Hadhramaut ile ile ndiyo iliyotuletea masharifu, masheikh na Washihiri wetu huku Lamu, Mombasa na Unguja. Jahazi moja lilielekea kwetu, jingine likaelekea kwao. Ndiyo maana Wamalay ni Mashafi kama sisi, wanakunuti alfajiri kama sisi, na wanasoma Barzanji kama sisi. Watu waliojaa maji ya Bahari ya Hindi baina yao wanasoma maulidi mamoja.

Na misikiti yote tuliyoingia ilikuwa na sehemu ya wanawake iliyo safi, yenye nafasi na nguo za kusalia. Niliswali pale na mwanamke aliyevaa sare ya kazi, na bibi kizee, na msichana wa skuli. Hili nalo tulirudi nalo, na nadhani wajumbe wa kamati zetu za misikiti wangefaidika kuliona.

Kwa maharusi

Najua mmoja wenu anasema: mimi ndiyo kwanza naolewa, watoto sina. Wewe hasa ndiye ninayekuambia. Mnapokaa kupanga maisha na mumeo mtarajiwa, mnazungumza mahari, nyumba, kazi. Zungumzeni pia mtamlea mtoto vipi katika dunia iliyochanganyika. Safari ya wiki moja ya watu wawili katika mji kama ule itawaonyesha mengi kuhusu nyinyi wenyewe: nani anakumbuka swala, nani anavumilia, nani anajua kusema hapana kwa upole.

Na kuna somo jingine la harusi. Chini ya zile fleti za serikali kuna uwanja wa wazi, wenye paa kwa sababu jengo liko juu yake. Wamalay wengi wamezoea kufanya karamu ya harusi hapo. Wanaweka meza, wanapamba, wanapiga dufu, majirani wanapita. Mchina anayerudi kazini anapita katikati ya wali na nyama, akimpungia mkono biharusi aliyemjua tangu mtoto. Wapo wanaokodi hoteli, hawakosekani. Lakini karamu ya chini ya ghorofa si aibu. Sisi kisiwa chetu kimoja, lakini familia inakopa ili ukumbi wa harusi usizidiwe na wa wifi. Biharusi, kama utachukua kitu kimoja Singapore, kichukue hicho, kabla ya vitambaa vya Geylang Serai na Arab Street. Vitambaa navyo ni vizuri, sikatai.

Wanaosema dini italegea

Rafiki zangu wawili walinipinga kabla sijaondoka, na hoja zao si za kupuuza.

Wa kwanza alisema: unamlipia mtoto tiketi akaone masanamu na pombe. Jibu langu ni kwamba ataviona, kama si huko basi kwenye simu, akiwa peke yake usiku. Mimi napendelea avione akiwa ameshika mkono wa baba yake, aulize, ajibiwe. Wanangu hatukuwaingiza kwenye mahekalu. Tulipita nje, tukawaeleza wenzetu wanaamini nini na sisi tunaamini nini, bila matusi. Suratul Hujurat inatufunza kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Sasa mtoto atamjua nani asipokutana na mtu?

Wa pili alisema: usiwapambe, wao wenyewe hawawapi Waislamu haki zote. Hapa ana neno. Wauguzi wa hospitali za serikali waliruhusiwa kuvaa hijabu kazini Novemba 2021 tu, baada ya miaka mingi ya kuomba. Na katika skuli za kawaida za serikali wasichana wanaivua wakiwa na sare. Kwangu mimi hilo ni kosa na nitalisema. Lakini nilimweleza binti yangu wa miaka kumi na miwili hadithi ya wauguzi wale: wanawake waliotaka hijabu yao, wakaomba kwa adabu, wakasubiri, hawakuiacha. Akagusa ushungi wake. Kwetu ushungi ni sare. Pale alielewa kwamba kuna mtu ameulilia.

Naye wa tatu, ambaye yumo ndani ya kila mmoja wetu, anasema: fedha. Ni kweli, Singapore ni ghali, na hakuna aliye na deni la kwenda. Asiye na uwezo asikope. Lakini wengi tunaokwenda Dubai kila mwaka tunarudi na masanduku ya vitu. Punguza masanduku, safari moja baada ya miaka mitatu inatosha.

Ukiamua kwenda

Ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja hakuna. Utaunganisha Doha, Dubai au Addis Ababa. Angalia masharti ya kuingia mapema, jaza fomu yao ya intaneti ya kuwasili ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkobani. Ubani wa kutafuna usibebe, wameupiga marufuku.

Kwenye chakula, tafuta nembo ya halali ya MUIS, ndilo Baraza la Kiislamu la Singapore. Ukiona kibao kimeandikwa tu kwamba hakuna nguruwe wala mafuta yake, hiyo siyo halali, uliza kwanza. Kampong Gelam na Geylang Serai utakula bila shaka. Jaribuni murtabak, watoto watasema ni piza ya Forodhani. Mishikaki yao wanaiita satay. Chai ya tangawizi ya maziwa ipo, kwa hiyo Bi mkubwa hatakosa raha.

Kwa watoto, bustani ya mimea ya Botanic Gardens haina kiingilio, na ile miti mikubwa ya chuma ya Gardens by the Bay ikiwashwa taa usiku nayo unaitazama bure. Chukua fleti au chumba karibu na treni, na msala mwepesi mkobani. Panga siku kwa swala kwanza, matembezi baadaye.

Na mkirudi, somo lisiishie uwanja wa ndege. Wachukueni watoto siku moja muwatembeze Mji Mkongwe kama wageni. Msikiti wa Malindi wenye mnara, kanisa la Mkunazini lililojengwa lilipokuwa soko la watumwa, kanisa la Mtakatifu Yosefu, hekalu la Wahindi la Hurumzi, vyote viko ndani ya mwendo wa miguu. Wazee wetu waliishi na jirani wa kila namna, na imani zao hazikupungua hata chembe. Sisi ndio tuliosahau kuwaonyesha watoto.

Mwenyezi Mungu atujaalie kizazi kinachosimama kuswali hata pasipo na wa kukiita, na kinachomtendea jirani wema bila kumuuliza dini yake. Amin.